Bei ya Kuamka

Ekiru mwanangu,

Ejok. Salamu naziweka hapa mwanzo kwa sababu huko mbele nina hasira na nitazisahau. Umetoka kwenda kuaga rafiki zako kule upande wa kambi ya wakimbizi, na najua hutarudi sasa hivi, maana watu wa Kakuma hawajui kuagana bila chai ya pili na ya tatu. Basi nimepata nafasi. Redio nimeizima, maharagwe yako jikoni, nami nimekaa mezani na kalamu kama mtu anayeandikisha wizi polisi.

Sitakuandikia habari za kushika begi vizuri wala za kula. Una miaka ishirini na nne. Mambo hayo ama nilishakufundisha ama nimechelewa. Nakuandikia habari ya mtu mmoja. Jumatatu asubuhi utaingia ofisini kwake Nairobi, atakupa mkono, atakuonyesha meza yako, nawe utamwita mkubwa. Mtu huyo mimi namchukia. Nimemchukia miaka saba bila kupumzika hata Krismasi. Jina lake unalijua, liko kwenye barua yako ya kazi. Humu nitamwita Bwana Leseni, kwa sababu kila nikijaribu kuandika jina lenyewe, kalamu inataka kutoboa karatasi.

Siku ulipopata kazi uliruka pale uani mpaka kuku wakatawanyika. Nilikupongeza kwa mdomo. Sasa nakuambia yaliyokuwa tumboni. Tena nakuambia jambo nililofanya leo mchana, ambalo linaweza kukukosesha kazi hiyo kabla hujauona mshahara wa kwanza. Nataka ulisikie kutoka kwangu, si kutoka kwake. Ndiyo maana nimekuomba usifungue bahasha hii mpaka basi lisimame Lodwar. Ukiwa Lodwar bado unaweza kugeuza na kufika nyumbani siku hiyo hiyo.

Nianze na kosa langu, nisije nikakufanya udhani mama yako ni malaika aliyeonewa.

Ulikuwa kidato cha tatu kule Kitale tulipohama Lodwar. Nilikuambia nimepata kazi nzuri zaidi Kakuma. Ulikuwa uongo. Nilifukuzwa. Nilikuwa nasimamia kompyuta za shirika la afya lenye kliniki saba, makao yake Lodwar, si mbali na laga, ule mto mkavu wa mchanga. Katika chumba kimoja cha chini, chenye sakafu ya saruji, kulikuwa na sanduku moja kubwa, sava, na ndani ya sanduku hilo zilikuwa zinaishi mashine pepe tisa. Wewe umezisoma chuoni kwenye kiyoyozi. Mimi nilijifunza kwa kuungua vidole. Kompyuta tisa zisizo na mwili, zote zinakula umeme wa sanduku moja. Moja ilikuwa ya faili za wagonjwa, moja ya maabara, moja ya dawa, nyingine za mishahara na takataka za ofisi. Sanduku nililiweka chini kabisa, karibu na sakafu, kwa sababu pale ndipo palipokuwa na ubaridi kidogo, na joto la Lodwar unalijua. Nilijisifu sana kwa akili hiyo.

Mkubwa wetu, tuliyemwita Daktari, akaniuliza siku moja: hiki chumba kikiungua, tunabaki na nini? Nikasema tunabaki na sala. Akaniambia nitafute kitu zaidi ya sala. Ndivyo Bwana Leseni alivyokuja. Alishuka kwenye ndege na viatu vinavyong'aa, akanywa maji ya chupa yake mwenyewe, akafungua kompyuta yake akatuchorea picha. Programu yake ingechukua nakala ya mashine zetu zote tisa, kila dakika chache, na kuzipeleka kwa mtandao mpaka kliniki yetu ya Kakuma. Huko zingelala ndani ya sanduku lingine. Lodwar ikipata maafa, mnabonyeza, zinaamka Kakuma, na kazi inaendelea. Bei ni kiasi fulani kwa kila mashine kwa mwaka, mara tisa. Nikapiga hesabu pale pale, Daktari akatia sahihi.

Sasa nisikilize, Ekiru, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu, na sidhani mtu wa Nairobi angeharibu hivi.

Babu yako, baba yangu, alikuwa na mbuzi na ngamia wachache kwa rafiki yake upande wa Nariokotome. Na huyo rafiki alikuwa na wake kwetu. Ndivyo wazee walivyofanya, hakuna aliyeweka mali yake yote mahali pamoja. Mimi nikiwa mdogo ugonjwa ulimaliza zizi letu, hata mbuzi wa maziwa hakubaki. Babu akachukua fimbo na kigoda chake, akatembea siku kadhaa, akafika, akalala, akala, akapiga stori, akarudi na wanyama. Hakuna aliyemwambia kwamba kuwatunza ni bei moja na kuwachukua ni bei nyingine. Angeambiwa hivyo kungekuwa na vita. Na katika miaka yote ile hakwenda hata mara moja kuwaangalia kama wapo. Kwenda kumhesabia rafiki mifugo mbele ya macho yake ni kumwita mwizi.

Nilipomsikia Bwana Leseni akisema mashine zetu zitalala Kakuma, mimi nilimsikia rafiki wa babu yako. Sikuwaza jambo lingine. Mkataba ulikuwa na kurasa ishirini na mbili za Kiingereza cha mawakili. Nilisoma tano. Na usidhani hakunionya. Alinionya, tena akitabasamu. Alipokuwa anaingia kwenye gari kwenda uwanja wa ndege, alisema, "Lakini mama, usiziamshe hivi hivi kwa kujaribu, sawa? Ukiziamsha, mita inaanza kutembea."

Nikasema sawa. Nikaona hata ni adabu, kwani nani huenda kwa rafiki kujaribu? Sikuuliza mita gani, inatembea kwa kasi gani, inapima nini. Mwaka mzima na miezi sikuziamsha hata moja. Daktari aliponiuliza kama tuko salama, nilimwambia imelipiwa yote. Neno hilo, "yote", limenikosesha usingizi miaka saba.

Mvua haikunyesha Lodwar siku ile. Ilinyesha huko milimani, na ile laga, Kawalase, ikaleta maji ya watu wengine mpaka kwetu, alfajiri, mbingu zikiwa hazina hata wingu. Nilifika ofisini nikakuta maji ya matope yamefika kiunoni mwa mlango. Sanduku langu la sakafuni lilikuwa linaogelea. Lakini sikuogopa, Ekiru. Nilisimama pale nguo zimelowa, nikacheka, nikampigia simu kijana wa Kakuma nikamwambia, "Bonyeza. Ziamshe."

Akabonyeza. Kisha akasema, "Madam, hii kitu inaomba leseni."

Nikamwambia tunazo leseni tisa. Akasema, "Hizo inasema ni za kulala."

Nilimpigia Bwana Leseni. Nitakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu nimeyarudia kila nikifua nguo. Alisema, "Mama, ulinunua kulala. Kuamka ni bidhaa nyingine. Ukurasa wa kumi na nne." Mashine ikiamka upande wa pili, kwake yeye ni mashine mpya, inalipiwa upya. Na hailipiwi kwa idadi. Inalipiwa kwa ukubwa wa sanduku inamoamkia, kwa viini vya prosesa vyote vilivyomo, utumie au usitumie. Sanduku la Kakuma lilikuwa zawadi ya shirika fulani lililofunga virago, na lilikuwa kubwa mara nne ya letu. Tulilishangilia siku lilipofika. Kumbe tulikuwa tunashangilia ankara. Alichotaka kingenunua gari mbili za Probox za kutembea vizuri, na alikitaka kabla hajatuma namba ya kufungulia.

Nikamwomba atupe namba, tumlipe baadaye. Nilimwambia kuna wagonjwa. Akasema mfumo haumruhusu. Mfumo ulikuwa wake. Alichukua kidole chake mwenyewe akakiita mfumo.

Daktari hakuwa na idhini ya pesa kama hizo. Ilibidi aandike Nairobi, Nairobi waandike ng'ambo, ng'ambo walikuwa kwenye wikendi. Faili za wagonjwa wa kliniki saba zilikaa siku sita ndani ya sanduku la Kakuma, nzima kabisa, hazijapoteza hata herufi, na hakuna mtu aliyeweza kuzifungua mpaka pesa zilipofika. Ndiyo maana hasira yangu haipoi. Kama zingeungua ningelia, kisha ningeacha. Lakini zilikuwepo.

Siku ya nne aliletwa kliniki ya Kakuma mwanamke wa Sudan Kusini anaitwa Nyibol, aliyekuwa anauza chai karibu na stendi. Alikuwa na homa kali, na mimba ya miezi mitano. Faili yake ilikuwa na maandishi mekundu kwamba asidungwe penisilini, mwili wake unaikataa. Maandishi niliyaona baadaye kwa macho yangu. Siku ile hayakuonekana kwa mtu yeyote. Mwenyewe alikuwa anaweweseka, hawezi kujibu. Nesi akafanya alichoweza kwa alichokuwa nacho, akamdunga penisilini. Nyibol alipona, mtoto hakupona.

Sikwenda kumwona. Hili ni kosa la pili, na kwangu ni kubwa kuliko la kutosoma mkataba. Majuma matatu alilala pale, nami nilikuwa nimekuja Kakuma kuangalia mashine, nikapita nje ya wodi ile mara nyingi nikijifanya nina haraka. Nilipoingia mwishowe, nilikuwa nimejitayarishia hotuba nzima. Hakunipa nafasi. Aliniuliza tu, "Kompyuta yako ameamka?" Nikasema ndiyo, ameamka. Akasema, "Vizuri," akageukia ukutani. Mpaka leo nikipita kwenye meza yake ya chai hunikaribisha, na mimi hulipa na kuondoka bila kumaliza kikombe. Siwezi kukaa. Umeshawahi kuniuliza kwa nini, nikakuambia chai yake ina tangawizi nyingi.

Basi wakaitisha kikao. Bwana Leseni alikuja kwa ndege, viatu vile vile. Nilidhani atakuja kwa aibu. Alikuja na mkataba umewekwa alama ya njano kwenye ukurasa wa kumi na nne, akausukuma mezani mpaka mbele yangu, akaniambia nisome kwa sauti. Nilisoma. Mbele ya Daktari, mbele ya wageni wa Nairobi, mbele ya kijana aliyekuwa chini yangu, nilisoma kama mtoto wa darasa la pili. Nilipomaliza alisema, "Kwa hiyo mnaona. Tatizo si programu. Mama hakusoma." Kisha akacheka kidogo, akasema huku Turkana watu wanapenda vitu viamke bure.

Daktari aliangalia mikono yake. Mimi pia sikumjibu, na hilo ndilo kosa la tatu. Nilikuwa na la kusema. Ningemwambia kwamba mtu anayekuuzia kulala na kuficha bei ya kuamka hajakuuzia chochote. Ningemwambia ataje jina la Nyibol. Maneno yalinijia jioni nikiwa nafunga vitu vyangu kwenye katoni, yalikuja yote kwa pamoja, mazuri kweli, na hakukuwa na mtu wa kuyasikia. Wakati huo nikaapa kwamba siku moja nitamkalisha mezani.

Unajua yaliyofuata. Tukahamia huku, nikafanya kazi ya kuchapia watu barua kwenye saiba, duka la intaneti, nikafundisha vijana wa kambi kutumia kompyuta, ukarudi likizo ukakuta tunakula ugali na sukuma wiki juma zima, nikakuambia ni afya. Polepole nikapata hii kazi ya sasa. Na mwaka huu shirika letu likatangaza zabuni. Tunatafuta programu ya kuamsha mashine zetu kukitokea maafa. Kamati ya watu watano, mmoja wao mimi. Bahasha zilipofunguliwa zilikuwa tatu, na kwenye moja nikaona jina la kampuni yake.

Nilitoka nje nikanunua soda baridi nikainywa taratibu. Sitakudanganya, ilikuwa moja ya siku zangu nzuri. Nilimwona tayari ameketi mbele yangu. Niliangalia hati yake, na bei ilikuwa ya chini kuliko zote, nzuri, safi, kiasi fulani kwa kila mashine kwa mwaka. Neno kuhusu kuamka halikuwepo mpaka ukiingia kwenye kiambatisho, kule ambako watu huchoka. Mtu huyu hajabadilika hata koma.

Siku tisa baada ya bahasha kufunguliwa, simu yako ikalia.

Ekiru, wewe uliomba kazi kule miezi minane iliyopita na hukujibiwa hata na mashine. Siku ile wakakupigia wenyewe. Ukafanya mahojiano kwa video hapo kitandani kwako, umevaa shati na bukta. Jioni ukanisimulia huku unacheka, kwamba mkubwa mwenyewe alikuwepo, mtu mzuri sana, hata akauliza, "Mama yako bado yuko Kakuma?" Ukaona ni heshima. Mimi niliacha sufuria nikainuka. Nikakuambia nifunge dirisha, kuna vumbi.

Kwenye kamati kuna fomu. Kila mjumbe anaandika kama ana ndugu anayefanya kazi kwa mmoja wa walioomba zabuni. Ukiwa naye, unatoka. Huna kura, huna kiti. Yeye zabuni ni chakula chake, anaijua fomu hiyo kuliko mimi. Hakukuajiri wewe, alinitoa mimi chumbani. Safari hii hakuhitaji hata mkataba wa kurasa ishirini na mbili. Alinunua kwa mshahara wako.

Labda nakosea. Labda alikuchukua kwa sababu unaijua kazi, na unaijua, mimi nimekuona ukiamsha mashine zilizokufa huku unakula mahindi. Nimejaribu kuamini hivyo kwa majuma mawili. Siwezi.

Nilifikiria kukuzuia. Nilifikiria kukuambia kampuni ina sifa mbaya, nikubakize hapa, nibaki na kiti changu, nimchinje kwa alama. Kuna siku nilifikiria jambo baya zaidi, kwamba uende, ukae kimya, unichukulie orodha ya bei zake za siri uniletee. Nililiwaza kwa siku nzima kazini na lilikuwa tamu. Kisha nikakuona unapiga pasi mashati yako, moja moja, umeyapanga juu ya kiti, nikajiona mimi na yeye tunavutana shati la mtu mwingine. Ninataka alipe, lakini si kwa kukufanya mwizi.

Basi leo mchana nilikwenda kwa Lokwang, katibu wa kamati, nikajaza fomu. Niliandika jina lako na jina la kampuni. Lokwang akasoma, akakuna kichwa.

"Mama Ekiru, ukitoka hutapiga kura."

"Najua."

"Na wewe ndiye unajua hii mambo kutushinda sisi wote."

"Hata hilo najua." Nikaweka juu ya meza karatasi nyingine tatu. "Hizi sizitoi kama mjumbe. Natoa kama mtu."

Mjumbe haruhusiwi kusema neno nje ya kilichoandikwa kwenye bahasha. Anapima karatasi tu, hata kama aliyeandika karatasi alimwua mama yake. Bwana Leseni aliponitoa kwenye kiti alinifungulia mdomo pia. Hilo hakulipigia hesabu. Karatasi ya kwanza ilikuwa ule ukurasa wa kumi na nne. Ya pili, ankara ya kuamka. Zote mbili alinipa Daktari mwenyewe alipostaafu. Alikuja mpaka mlangoni kwangu, akaniachia bila kuomba msamaha, na alikataa hata maji. Ya tatu ni barua yangu ya ukurasa mmoja, nimetia sahihi na namba ya kitambulisho. Nimeeleza siku sita. Nyibol sikumtaja mpaka nilipokwenda kumwuliza juzi. Nilikaa, nikamaliza kikombe, nikamwuliza. Akasema, "Andika jina yangu yote, na ya baba yangu." Nimeandika.

Mwisho wa barua nimeiomba kamati jambo moja tu. Waombaji wote watatu waandike kwa mkono wao, kwa shilingi, siku ya maafa tutalipa nini mpaka mashine ya mwisho iamke, kwenye sanduku letu hili hili tulilonalo, na watie sahihi. Basi. Wengine wawili halitawasumbua. Yeye akiandika ukweli, bei yake itapanda juu ya wote na kila mtu chumbani ataona. Akidanganya, siku ya maafa tutamshika kwa sahihi yake. Nimelifikiria kila upande na sijaona pa yeye kutokea. Nisamehe, nilitabasamu nikiandika.

Lokwang alisoma yote, kisha akasema polepole, "Mama, hii itaumiza kijana."

Nikamwambia, "Ipokee." Akaigonga muhuri.

Sikukuuliza kwanza, Ekiru. Ungekuwa hapa ungekuwa umeshasimama, unazunguka chumba. Ulikuwa na haki ya kuulizwa. Ni kazi yako, ni miezi minane uliyokaa hapa nyumbani unajifanya hujali ukiona wenzako wanatuma picha za ofisi. Ningekuuliza ungesema ngoja, na mimi nimengoja miaka saba. Kama ningengoja tena, kliniki zetu zingetia sahihi ya kulala bila kuamka, na kungekuwa na Nyibol mwingine. Hiyo ni sababu nzuri. Lakini nisijifiche nyuma yake, ipo na nyingine. Nataka asome kwa sauti. Nataka akae kwenye kiti, watu wamtazame, asome bei yake mwenyewe kwa mdomo wake. Nikifa bila kuliona hilo nitakuwa na kinyongo kaburini, na sioni haya kukuambia.

Barua za kamati kwa waombaji zinatoka Jumatatu, yangu ikiwa ndani. Kwa hiyo siku utakayoingia ofisini, jina langu litakuwa limefika kabla ya chai ya saa nne.

Sasa uko Lodwar. Ndani ya bahasha hii kuna pesa za nauli. Ukirudi, mlango uko wazi, na sitakuuliza. Utanikasirikia mwaka mzima na nitakupikia. Ukiendelea, sitakuambia mimi niko sahihi. Nakuambia tu niliyoyapata kwa kuumia. Ukipewa kitu cha kuuza, ulizia bei yake siku ya shida, si siku ya kununua. Ukionywa na mtu anayetabasamu, muulize anaonya nini. Na ukiwepo chumbani mtu akisomeshwa kwa nguvu ili achekwe, usiangalie mikono yako.

Najua atakuita. Atafunga mlango, atakuwa mpole, ataweka barua yangu mezani na kukuuliza kama ulijua kilichokuwa kinakuja. Hapo anategemea useme hukujua, ili akuonee huruma, ili uwe wake. Mwambie ulijua. Mwambie mama yako alikuandikia yote, ulisoma ukiwa Lodwar, palipo na basi la kurudi, na ukaja kazini hata hivyo.

Mama yako,
Akai